PADRE ALIYESOMA NYUFA

Katika Jiografia kuna majina mawili tunayoyakariri kama kasuku: Richter na Mercalli. Mimi, jamani, nilidhani Mercalli ni jina la mashine! Kumbe alikuwa mtu, tena mwalimu. Hebu niwasimulie habari zake.

Giuseppe Mercalli alizaliwa Milan, Italia, mwaka wa 1850. Alipata upadre mwaka wa 1872, akasomea elimu ya miamba kwa padre mwenzake, Antonio Stoppani. Baadaye alifundisha Monza, Reggio Calabria na Napoli.

Kwao tetemeko la ardhi si hadithi ya kutishia watoto. Mwaka wa 1883 mji wa Casamicciola, kisiwani Ischia, uliporomoka na watu zaidi ya 2,000 wakafa. Mercalli aliuchunguza mkasa huo. Lakini utajuaje kama tetemeko la hapa lilizidi la kule? Vyombo vya kupimia vilikuwa vichache, na mitetemeko mingi ilitokea kabla havijabuniwa. Basi yeye aliziuliza nyumba zenyewe. Mwaka wa 1902 alitoa kipimo chake cha daraja kumi. Tetemeko la daraja ya kwanza hunaswa na chombo tu. La tano huwaamsha waliolala. La sita hubandua plasta na kutia nyufa ndogo katika nyumba dhaifu. La saba huangusha dohani na vigae. La tisa, bwana, nyumba nyingine hubomoka kabisa. Adolfo Cancani ndiye aliyeongeza daraja zikawa kumi na mbili.

Hapo ndipo aliponipendeza. Ujuzi uliokuwa kichwani mwa bingwa aliugeuza kanuni: ukiona hivi, amua hivi. Miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walifuata njia kama hiyo walipounda SPERIL, programu ya kompyuta ya kukadiria jinsi jengo lilivyoharibiwa na tetemeko. Walitia ndani kanuni za mabingwa, ili mashine ipime dalili na kutoa uamuzi kama mhandisi mzoefu. Si mchezo! Watu wamelala nje kwenye baridi, wanangoja kuambiwa kama waingie ndani au wasiingie.

Hata hivyo ufa unaweza kukudanganya. Mtikiso ule ule huiangusha nyumba ya udongo na kuiacha ya zege imesimama. Ndiyo maana kipimo cha Ulaya cha 1998 hutenganisha aina za majengo kabla ya kutoa daraja. Mercalli mwenyewe alichunguza pia maafa ya Messina ya tarehe 28 Desemba 1908, yaliyoua makumi ya maelfu.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa lilipiga Subukia, hapa hapa Bonde la Ufa, miaka saba kabla Richter hajatangaza kipimo chake. Wakati huo padre wetu alikuwa amekwisha kufa. Mwaka wa 1911 alifanywa mkuu wa kituo cha kuchunguza volkano ya Vesuvius. Usiku mmoja wa Machi 1914 moto ulizuka chumbani mwake Napoli. Inasemekana taa ya mafuta ilipinduka. Alikuwa na umri wa miaka 63.