Ilya Mechnikov: Mgunduzi wa Seli Zilindazo Mwili

Ilya Mechnikov alizaliwa mwaka wa 1845 karibu na mji wa Kharkiv, Ukraini, iliyokuwa chini ya milki ya Urusi. Alijaliwa kipawa cha ajabu, kwani masomo ya chuo kikuu ya miaka minne aliyakamilisha kwa miwili. Hata hivyo, maisha yake yaliandamwa na mauti. Mkewe wa kwanza, Ludmila, alifariki kwa kifua kikuu mwaka wa 1873, naye kwa majonzi akajaribu kujitoa uhai. Mwaka wa 1881, baada ya mkewe wa pili, Olga, kuugua homa ya matumbo, alijidunga damu ya mgonjwa wa homa inayorudirudi. Akanusurika tena.

Mwaka wa 1882 alijiuzulu chuoni Odessa, akaenda Messina, Italia. Huko aliwachoma viluwiluwi wa kiti cha pweza, ambao miili yao hupenyeka kwa macho, kwa miiba ya mwaridi. Kulipokucha, aliona seli zitembeazo zimeizingira miiba hiyo. Alihitimisha kwamba seli za aina hiyo ndizo humeza viini vya maradhi. Wataalamu wengi wa Ujerumani walimpinga, wakishikilia kuwa kinga imo katika majimaji ya damu. Mnamo 1888 alijiunga na Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Mwaka wa 1908 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, mtetezi wa majimaji hayo. Ikadhihirika kuwa pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Jambo ambalo hadubini yake haikumfunulia ni kwamba seli hizo pia hujitoa mhanga. Mwaka wa 2002, Jürg Tschopp na wenzake nchini Uswisi walieleza jinsi protini kadhaa zinavyoungana ndani ya seli iliyovamiwa, zikakiamsha kimeng'enya kiitwacho kaspesi-1. Mnamo 2015 ilibainika kuwa kimeng'enya hicho huikata protini ya gasdamini D, ambayo kipande chake hutoboa utando wa seli. Maji huingia, seli ikafura na kupasuka. Hivyo, viini hupoteza maficho, na ishara zinazomwagika huziita seli nyingine. Aidha, vifo hivi vikizidi, humdhuru mgonjwa mwenyewe.

Mechnikov alifariki Paris mwaka wa 1916. Majivu yake yalihifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur.