Georges Lemaître: Padri Aliyeunyima Ulimwengu Kitovu

Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Mwishoni mwa Julai 1916, majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigoma, na siku chache baadaye yakaiteka Ujiji. Wajerumani walikuwa wameizamisha meli yao, Graf von Götzen, ili isiangukie mikononi mwa adui. Wakati huo, kijana Mbelgiji wa miaka 22 alikuwa askari wa mizinga huko Ulaya katika vita hivyohivyo. Kijana huyo ni Georges Lemaître, ambaye dunia inamkumbuka kwa hesabu zake kuhusu mwanzo wa ulimwengu.

Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 mjini Charleroi. Alianza kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Leuven, lakini vita vilipozuka mwaka 1914 aliacha masomo akajiunga na jeshi kwa hiari. Alitunukiwa nishani ya ushujaa. Amani iliporejea aliachana na uhandisi, akageukia hisabati na fizikia. Mwaka 1920 alipata shahada ya udaktari, na mwaka 1923 akapewa daraja la upadri. Mwaka huohuo alikwenda Cambridge, Uingereza, kusoma chini ya mwanaastronomia Arthur Eddington, kisha akaelekea Marekani. Mwaka 1925 alirudi Leuven kufundisha.

Silaha yake kubwa katika utafiti ilikuwa ulinganifu. Mtahiniwa anaujua ulinganifu kutoka katika jometri: mraba ukizungushwa nyuzi 90 kwenye kitovu chake huonekana vilevile, na duara huonekana vilevile kwa mzunguko wowote. Hata hivyo, duara lina kitovu. Sasa fikiria uko katikati ya Ziwa Tanganyika, mbali kiasi kwamba nchi kavu haionekani. Ukisogea huku au kule, ukigeukia upande wowote, unaona maji yaleyale. Hapana mahali panapostahili kuitwa kitovu. Ulinganifu huo ni mkubwa kuliko wa duara, na ndio ambao Lemaître aliutumia: ulimwengu, ukitazamwa kwa mapana, unafanana kila mahali na kila upande.

Mwaka 1925 alichunguza kielelezo cha ulimwengu kilichotungwa na Mholanzi Willem de Sitter. Aliona kwamba de Sitter alivyogawanya nafasi na wakati, aliupa ulimwengu kitovu ambacho hakuna kanuni iliyokidai. Lemaître alipokiondoa kitovu hicho, nafasi haikutulia tena. Vipimo vyake vilibadilika kadiri wakati ulivyopita.

Mwaka 1927, mwaka ambao meli ile iliyozamishwa Kigoma ilianza tena safari ziwani kwa jina la Liemba, Lemaître alichapisha makala yake mashuhuri. Kwa kutumia milinganyo ya Einstein, alionyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na kwamba galaksi iliyo mbali zaidi hutukimbia kwa kasi kubwa zaidi. Alitumia vipimo vya galaksi 42 kukadiria kasi ya utanukaji huo.

Je, galaksi zikitukimbia, si ina maana kwamba sisi ndio kitovu? La. Chukua mfano wa wavuvi wa dagaa wa Ujiji. Mitumbwi yao imejipanga usiku kwa mstari mrefu, kila mmoja na karabai yake, na kati ya mtumbwi na mtumbwi pana kilometa 1. Baada ya saa moja, kila nafasi imekuwa kilometa 2. Mvuvi yeyote akitazama, jirani yake wa kwanza amesogea kilometa 1, wa pili kilometa 2, wa tatu kilometa 3. Umbali ukizidi, kasi nayo huzidi. Kila mvuvi atasema wenzake wanamkimbia yeye, na wote watakuwa sahihi. Hakuna mtumbwi ulio kitovu.

Einstein hakuridhika. Walipokutana Brussels mwaka huohuo, alikubali hesabu za Lemaître lakini akaikataa fizikia yake. Isitoshe, makala ilikuwa ya Kifaransa na jarida lake halikusomwa na wengi. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Hubble alichapisha vipimo vyake, na sifa nyingi zikamwendea yeye. Makala ya Lemaître ilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1931, sehemu ya makadirio yale haikuwemo. Aliiondoa mwenyewe wakati wa kutafsiri.

Mwaka 1931 alipiga hatua nyingine. Fizikia ya kwanta inafundisha kwamba nishati huja kwa mafungu yasiyogawanyika. Lemaître alisema kwamba tukirudi nyuma katika wakati, mafungu hayo yanapungua mpaka linabaki moja, kama atomu moja iliyobeba ulimwengu wote. Hapo mwanzoni, maneno nafasi na wakati hayana maana bado. Hii ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa kuunganisha kwanta na elimu ya ulimwengu. Ingawa alikuwa padri, alitaka nadharia yake ipimwe kwa hesabu na ushahidi, isichanganywe na imani.

Ushahidi ulikuja. Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba mnururisho hafifu, mabaki ya joto la zamani, unafika duniani kutoka kila upande wa anga kwa kiasi kinachokaribia kulingana. Lemaître alipata habari hizo akiwa mgonjwa. Alifariki Leuven tarehe 20 Juni 1966. Mwaka 2018 wanaastronomia wa dunia walipiga kura kwamba kanuni ya utanukaji iitwe kwa majina mawili, Hubble na Lemaître.

Maswali

1. Taja matukio mawili yaliyotokea Kigoma na Ujiji mwaka 1916 kwa mujibu wa habari hii.
2. Ulinganifu wa maji ya ziwa unatofautianaje na ule wa duara?
3. Katika mfano wa mitumbwi, mtumbwi uliokuwa umbali wa kilometa 5 utakuwa umbali gani baada ya saa moja?
4. Eleza sababu mbili zilizochelewesha sifa ya Lemaître.
5. Fupisha aya inayohusu mwaka 1931 kwa maneno yasiyozidi 40.