Mekatilili wa Menza: Sheria Mbili, Adhabu Moja

Hapa Lubumbashi mwanamke akishazaa, jina lake la ujana linaanza kupotea: anakuwa mama fulani, na kwa jina hilo anaheshimiwa. Wagiriama wa pwani ya Kenya wana desturi hiyo hiyo. Msichana aitwaye Mnyazi wa Menza, wa karne ya 19, alimzaa Katilili, akawa Mekatilili, yaani mama Katilili. Ninaanza na jina kwa sababu cheo chake kilitoka humo. Hakuwa chifu, wala hakuwa na kiti katika baraza la wazee wa kaya, lililokuwa la wanaume. Alikuwa mama na mjane, hana mume wa kumzuia kutembea.

Mwaka 1912 Waingereza walimtuma afisa Arthur Champion kwa Wagiriama, kudai kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi mashambani kwa Wazungu. Mekatilili alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishi. Watu walipokusanyika, alisema nao juu ya wana wao waliotakiwa.

Mwaka 1913, kule Kaya Fungo, watu walikula viapo viwili vya kuikataa serikali: wanaume kiapo cha fisi, wanawake kiapo cha mukushekushe. Kwa sheria ya kaya, kiapo ni amri. Kinafunga, na anayekivunja kinamwandama chenyewe. Baraza lilikuwa la wanaume, ndiyo, lakini kiapo cha wanawake kilikuwa chao, na nguvu yake iliogopwa na wote.

Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Wote wawili walipewa adhabu ile ile: miaka 5 uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Ukitazama haraka, utasema ni usawa. Mimi naona ni upofu. Serikali haikupima umri wake wala ujane wake. Na ile sheria iliyompa mamlaka, yeye na wanawake wenzake, iliihesabu kuwa uchochezi tu.

Januari 1914 wote wawili walitoroka, wakarudi kwa miguu mamia ya kilomita. Agosti mwaka huo Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, na Mekatilili akakamatwa tena. Alirudi kwao mwaka 1919, akafa katika miaka ya 1920, akiwa bado mama Katilili kwa watu wake.

Maisha yake yanatuhusu sisi wa kitivo hiki. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 153, inaruhusu mahakama kutumia mila, mradi isipingane na utaratibu wa umma wala maadili mema. Lakini mila inasemwa kwa Kibemba, kwa Kiluba, kwa Kisanga, na faili linaandikwa kwa Kifaransa. Mwanamke anapohukumiwa, hakimu atajuaje kama ni mjane aliyerithiwa, mke mdogo, au mama mwenye sauti katika ukoo, ikiwa neno linalosema hayo limetafsiriwa kuwa mwanamke tu? Adhabu inayomtazama mtu inahitaji mkalimani anayejua uzito wa neno. Kazi hiyo ni ya wanafunzi wa lugha.