Louis Vierne: Mpiga Kinanda Aliyejifunza Upya Kukanyaga

Katika jubilei hii tumeona vyema kumkumbuka mtu aliyelitumikia Kanisa kwa muziki huku mwili ukimsumbua. Wengi wetu, kuanzia Makadara hadi Umoja na Kayole, tumesikia habari za Kanisa Kuu la Notre-Dame jijini Paris. Wachache wanalijua jina la Louis Vierne, aliyekuwa mpiga kinanda wake kwa miaka 37.

Alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1870 mjini Poitiers, Ufaransa, akiwa karibu kipofu. Upasuaji wa utotoni ulimpa mwanga kidogo tu. Alisoma katika shule ya vipofu ya Paris, kisha akafundishwa na César Franck na Charles-Marie Widor. Mwaka 1900 alishindania nafasi ya Notre-Dame, akaipata.

Kinanda kile si kama hiki chetu. Kilikuwa na safu tano za mikono, na chini yake safu ya vibao vya kukanyaga vinavyotoa sauti nzito ya besi. Mpigaji hukaa kwenye benchi, akigeuza nyonga huku na huku ili miguu ifike kote. Kwa hiyo mguu mmoja ukiumia, nusu ya kazi imesimama.

Mwaka 1906 ndivyo ilivyokuwa. Vierne alianguka shimoni katika barabara ya Paris. Sisi tunaopita kila siku kando ya mitaro isiyo na vifuniko tunaelewa. Mguu ulivunjika vibaya, hata ikahofiwa utakatwa. Uliokolewa, lakini ilimbidi ajifunze upya kukanyaga, kama mwanafunzi anayeanza, ilhali alikuwa tayari mpiga kinanda wa kanisa kuu.

Majonzi hayakuisha hapo. Katika Vita Kuu ya Kwanza alimpoteza mwanawe Jacques mwaka 1917, na mwaka uliofuata ndugu yake René, mpiga kinanda pia. Hata hivyo aliandika simfonia sita za kinanda, na Misa yake ya kwaya na vinanda viwili ingali inaimbwa. Mwaka 1927 alizuru Marekani akipiga muziki ili kuchangisha fedha za kukarabati kinanda cha Notre-Dame. Wenye kadi za harambee mfukoni, mpo?

Alifariki jioni ya tarehe 2 Juni 1937, akiwa kwenye benchi lake katikati ya tamasha, mguu wake ukiwa umekanyaga kibao cha besi.

Tumemchagua kwa sababu. Mpiga kinanda wetu aliumia nyonga mwaka jana. Wapo waliopendekeza tutafute mwingine kwa ajili ya siku hii. Kwaya ilikaa, ikajadiliana, ikakubaliana kumngoja. Amerudi taratibu: kiti kimeinuliwa na kuwekewa mto, pedali anaikanyaga kwa mguu wa kushoto, na mazoezi yetu sasa yana mapumziko kila baada ya nyimbo tatu. Sauti ya nne wanasema mapumziko hayo yamewafaa hata wao.

Ndiyo maana leo hamtatuona juu roshani. Ngazi zile hawezi kuzipanda bado, basi kwaya nzima imeshuka, na tutaimba chini karibu na mlango wa kando. Karibuni tuimbe pamoja.

Katibu wa Kwaya