Demetrius, Mwana wa Mfalme wa Shamu

Demetrius alikuwa mwana wa Seleucus, mfalme wa Shamu. Angali mtoto alipelekwa Rumi akakaa rehani, ili baba yake asivunje mapatano. Mwaka 175 kabla ya Kristo baba yake aliuawa. Baba yake mdogo akashika ufalme, na alipokufa ukapewa mwanawe, mtoto wa miaka michache. Mara mbili Demetrius, kijana wa miaka yapata 23, akaliomba baraza la Rumi limwache aende kwao. Likakataa, kwa kuwa mfalme mtoto hakuwatia Warumi hofu.

Rafiki yake Polybius, Myunani, akamshauri atoroke. Ikapatikana merikebu ya Carthage iendayo Tiro. Usiku wa safari, mwaka 162, Demetrius alikuwa karamuni, na Polybius mgonjwa kitandani. Naye alijua jinsi mwenziwe apendavyo divai. Akampelekea barua isiyo na jina, kumwonya asikawie. Demetrius akasingizia kichefuchefu, akatoka.

Baraza lilipokutana siku ya tano, merikebu ilikuwa mbali.

Huko Shamu majeshi yakamgeukia. Askari wakamkamata yule mfalme mtoto. Demetrius hakutaka hata kumwona uso, nao wakamwua. Akatawala hata mwaka 150, akafa vitani.