Sultani wa Kilwa na Sarafu Isiyo Tarehe

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale, alinijia barazani baada ya sala ya alasiri, kitu amekifumbata mkononi. Alikuwa amezunguka uani kwa nyanya yake na ile mashine inayolia ikipita juu ya chuma kilichofukiwa, akachimba, akapata kipande cha shaba. Kwa kuwa yajulikana kwamba nilihitimu Kurani chuoni, alitaka nimsomee. Nikakuta picha ya mizani, jina la Sayyid Barghash, na mwaka 1299 wa Hijriya, yaani kama 1882. Ilikuwa ni pesa ya Unguja, na za namna hiyo ni nyingi. Uso ukamsawijika. Akauliza kama hakuna sarafu za Waislamu wa pwani zilizo kongwe zaidi. Nikamwambia zipo, nikamhadithia habari za mmoja wa wenyewe. Nanyi wasomaji nawahadithia.

Al-Hasan bin Sulaiman, aliyelakabiwa Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa, alitawala Kilwa kiasi cha mwaka 1310 hadi 1333. Alikuwa wa ukoo wa Mahdali wenye asili ya Yemen, na babu yake, al-Hasan bin Talut, ndiye aliyeutwaa utawala mwishoni mwa karne ya 13. Akiwa angali kijana alisafiri hadi Aden, akakaa huko miaka miwili akitafuta elimu, kisha akaenda kuhiji Makka. Nduguye Daud ndiye aliyemshikia nchi, na aliporejea akamkabidhi.

Kilwa ya wakati huo ilineemeka kwa dhahabu ya Sofala na kwa pembe za ndovu. Juu ya jabali linalotazama bahari palijengwa Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia moja, lenye nyua, ghala na birika la kuogea la pembe nane. Wataalamu wanalinasibisha jumba hilo na sultani huyu. Halikupata kukamilika, na halikukaliwa muda mrefu.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa akitoka Mombasa, na tunamjua sultani kwa macho ya mgeni huyo. Amesimulia kwamba siku moja, sultani akitoka katika sala ya Ijumaa, fakiri wa Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa, tena papo hapo. Sultani alirudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akampa zile. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolishukuru jambo hilo, aliongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Habari ya watumwa ni aibu ya zama zile, wala haifai tuifiche tunaposifu ukarimu.

Tena alikuwa akitenga moja ya tano ya ngawira ya vita alivyowapigia watu wa bara, akaitumia kwa mafungu yaliyotajwa katika Kurani. Fungu la masharifu aliliweka katika hazina ya peke yake, nao wakimjia kutoka Hijazi na Iraki. Alipofariki akatawala Daud, naye hakuwa na mkono huo. Wageni walikaa miezi wakingoja, wakaondoka na kidogo, hata waombaji wakaacha kumwendea.

Zilizobakia ni sarafu. Nyingi ni za shaba, ndogo na nyembamba. Upande mmoja zimeandikwa maneno ya kumtegemea Mola mwenye fadhila, na upande wa pili jina la sultani, na pande zote mbili zinakutana kwa kina kimoja. Mimi mtunga mashairi nimestaajabu kwamba mzee huyu alilitia shairi mikononi mwa kila mwenye kununua samaki. Zake za dhahabu zilizotangazwa mwaka 1991 zilikuwa tatu tu. Moja ya shaba imepatikana hata Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari.

Lakini zile za shaba hazina tarehe kama ile pesa ya Barghash. Umri wa sarafu kama hiyo unajulikana kwa udongo uliolalia, na kwa vigae vya Uchina na vitu vingine vilivyolala pamoja nayo. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya masultani wa kale lakini zisizo tarehe. Pamoja nazo mlikuwamo dinari chache za dhahabu za nchi za kigeni zenye tarehe, na ndizo zilizoonyesha kwamba zile za fedha ni za karne ya 11. Lau mtu angezitangulia zile dinari akaziuza kwa sonara, zile elfu mbili zingebaki bubu.

Kijana aliniambia kuwa kilichofukiwa ni rikazi, atatoa moja ya tano na kilichobaki ni halali yake. Hapo ndipo nilipomshika. Katika madhehebu yetu ya Shafi, rikazi ni dafina ya kabla ya Uislamu. Sarafu yenye jina la sultani Mwislamu hukumu yake ni nyingine. Kama mwenyewe hajulikani, hiyo ni lukta, kitu kilichopotea, na mwenye kukiokota hukitangaza mwaka mzima. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi nayo inataka aliyevumbua kitu cha kale atoe habari na kuonyesha mahali alipokipata. Naona njia hizi mbili zaelekea msikiti mmoja.

Sultani aliyetoa nguo zake mwilini asingemnyima kijana kipande cha shaba. Ila anachotudai sisi si shaba. Anatudai tuseme alipolala, ili wajukuu wajue aliishi lini na bidhaa zake zilifika wapi.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama nyanya yake atakumbuka ni upande gani wa kisima alipochimba. Nikamwambia aende akamwulize kabla magharibi haijaingia.