Billy Meredith: Winga Aliyesajiliwa na Doa Lake

Kila mwaka kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri hujaa marais, washairi na wapigania uhuru. Sina ugomvi nao hata kidogo. Lakini safari hii nimeomba nafasi nimwandike mwanakandanda, tena si hawa wa leo ambao picha zao mmezibandika ndani ya masanduku yenu huko bwenini. Huyu wangu alizaliwa zaidi ya miaka 150 iliyopita na alifariki kabla ya wazazi wetu wengi kuzaliwa.

Sababu ya kumchagua ni swali ambalo limetugombanisha sana, darasani na hata kwenye foleni ya chakula. Je, inafaa klabu ya kandanda imsajili mchezaji mwenye rekodi mbaya, yule aliyewahi kufungiwa kwa sababu ya hongo, ngumi au kosa jingine la aibu? Wako wanaosema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wako wanaosema goli ni goli, haliulizwi cheti cha tabia njema. Mimi nina msimamo wangu, nao umetokana na maisha ya mtu huyu. Basi nipeni nafasi nimsimulie kwanza.

Jina lake William Meredith, lakini dunia ya kandanda ilimjua kama Billy. Alizaliwa tarehe 30 Julai 1874 mahali paitwapo Black Park, karibu na kijiji cha Chirk, kaskazini mwa Wales. Huko kazi ilikuwa moja tu, kuchimba makaa ya mawe. Billy alipofika umri wa miaka 12, umri ambao sisi tulikuwa bado shule ya msingi tukikimbizana na mpira wa makaratasi, aliingia mgodini. Kazi yake ilikuwa kuwaswaga farasi wadogo waliokokota vigari vya makaa gizani, chini ya ardhi. Asiyejua hilo hawezi kuelewa kwa nini baadaye mtu huyu alipigania kila senti aliyoitolea jasho.

Bahati ya kijiji cha Chirk ni kwamba kulikuwa na mwalimu mmoja, Thomas E. Thomas, aliyependa kandanda kama chakula. Alifundisha vijana wengi sana, na kadhaa kati yao walifika hadi timu ya taifa ya Wales. Billy alikuwa mmoja wao. Mwaka 1894 aliisaidia Chirk kutwaa Kombe la Wales, na mwezi wa Oktoba mwaka uo huo watu wa Manchester City wakabisha hodi. Mamake hakupendezwa. Kwake yeye mpira ulikuwa mchezo wa kujifurahisha, haukuwa kazi ya mtu mzima. Ndiyo maana kijana alikubali kucheza lakini kwa muda akaendelea na kazi yake mgodini, siku za kazi anachimba makaa, siku ya mechi anapanda gari la moshi kwenda kusakata gozi. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Newcastle nao wakafungwa 5 kwa 4. Si mwanzo mbaya kwa mtazamaji, ingawa kwa mlinda lango ulikuwa balaa!

Alikuwa winga wa kulia. Mwembamba, miguu iliyopinda kidogo, na mdomoni daima kijiti cha kuchokonolea meno. Naam, alicheza akikitafuna hivyo hivyo, mechi baada ya mechi. Alikuwa akikimbia na gozi hadi karibu na kibendera cha kona, beki anadhani amemmaliza, kumbe mpira umeshamwagwa mbele ya lango na wenzake wanasubiri kwa kichwa. Mwaka 1904 akiwa nahodha aliiongoza City katika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Bolton Wanderers, uwanja wa Crystal Palace, London. City walishinda 1 kwa bila, na aliyefunga bao hilo ni Meredith mwenyewe. Lilikuwa kombe kubwa la kwanza kwa klabu hiyo. Ungelimwambia shabiki wa City siku ile kwamba baada ya miaka miwili nahodha wake angekuwa amefukuzwa kama mbwa koko, angekucheka.

Mambo yalichacha siku ya mwisho ya msimu wa 1904/05. City walikuwa ugenini kwa Aston Villa, na walihitaji ushindi ili wabaki na tamaa ya ubingwa. Mechi ilikuwa ya vita. Sandy Turnbull wa City na Alex Leake, nahodha wa Villa, nusura watoane meno, na City wakalala 3 kwa 2. Chama cha Soka cha Uingereza, yaani FA, kikaanza kuchunguza zile ngumi. Katika kuchunguza ngumi kikakuta jambo zito zaidi. Leake alisema kwamba Meredith alimwahidi pauni 10 ili Villa wailegeze mechi.

Mwezi wa Agosti 1905 Meredith alipatikana na hatia, akatozwa faini na kufungiwa kwa karibu msimu mzima. Yeye alikana. Baadaye aligeuza maneno, akasema kweli alitoa ahadi hiyo lakini alitumwa na meneja wake, Tom Maley. Mimi sitaki kumsafisha. Kumwambia mpinzani achukue pesa ashindwe ni kuwaibia maelfu waliolipa kiingilio, hata kama ulitumwa. Aliyetumwa ana miguu na ana akili pia.

Lakini tazameni klabu yake ilivyofanya. Meredith alikuwa hana mshahara na ana jamii ya kulisha. Alikwenda kudai msaada, City wakamfungia mlango. Aliporudi mara ya pili na ya tatu, wakamshtaki kwa FA kwamba anawasumbua. Hapo ndipo aliposema, haya, kama ni kuzama tuzame sote. Tangu mwaka 1901 sheria ilikuwa kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa juma. Meredith akamwaga mtama: City walikuwa wakilipa zaidi ya hapo kwa siri, na marupurupu juu yake. FA ikachunguza vitabu vya klabu mwaka 1906 na kukuta ni kweli. Maley akafungiwa. Wachezaji 17, wakiwemo walioondoka zamani, wakafungiwa hadi tarehe 1 Januari 1907, na wakakatazwa wasiichezee City tena. Timu iliyotwaa kombe miaka miwili tu nyuma ikavunjwa kama chungu.

Wachezaji hao wakawa kama bidhaa sokoni. Klabu nyingi ziliwamezea mate. Wa kwanza kuchukua hatua alikuwa Ernest Mangnall, meneja wa jirani zao Manchester United, timu ambayo mwaka huo wa 1906 ndiyo kwanza ilikuwa imepanda daraja la kwanza. Mangnall alimnyakua Meredith kabla hata kifungo chake hakijaisha. Kisha akawachukua wengine watatu kutoka kundi lilo hilo: Sandy Turnbull, Herbert Burgess na Jimmy Bannister. Wanne wenye doa kwa mpigo! Fikirini leo klabu moja ingefanya hivyo, tungesema nini sisi wenye maneno mengi.

Kifungo kiliisha siku ya Mwaka Mpya 1907, na siku iyo hiyo Meredith akashuka uwanjani kwa jezi nyekundu. Dhidi ya nani? Dhidi ya Aston Villa, wacha wee! Alimimina krosi, Turnbull akaitia kimiani, na United wakashinda 1 kwa bila. Msimu uliofuata, 1907/08, United walitwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mwaka 1909 wakachukua Kombe la FA kwa kuifunga Bristol City, na mfungaji alikuwa Turnbull tena. Mwaka 1911 wakarudia ubingwa. Nyinyi mnaovaa jezi za United kila Jumamosi, mjue kwamba vikombe vya kwanza vikubwa vya timu yenu vililetwa kwa msaada mkubwa wa watu waliofungiwa.

Najua wapinzani wangu watasema kushinda si hoja, maana hata mwizi hushinda. Sawa. Kwa hiyo tutazame Meredith alifanya nini nje ya lango. Tarehe 2 Desemba 1907 wachezaji walikutana katika hoteli ya Imperial, mjini Manchester, wakaunda chama cha kuwatetea. Mwenyekiti wa mkutano huo alikuwa yeye. Walidai mchezaji awe na haki kama mfanyakazi yeyote: akiumia alipwe, akitaka kuhama ahame, na ule mpaka wa pauni 4 uondolewe. Mwaka 1909 FA ikawaamuru wachezaji wote wajitoe katika chama hicho la sivyo wafungiwe. Wengi walitetemeka, wakajitoa. Wale wa United, akiwemo Meredith na nahodha Charlie Roberts, wakakataa katakata, wakajiita kwa mzaha timu ya waliotengwa na kupiga picha ya pamoja. Karibu na kufunguliwa kwa msimu FA ikalegea na kukubali chama kiwepo. Mpaka wa mishahara wenyewe uliondolewa mwaka 1961, Meredith akiwa tayari kaburini. Mtu aliyejua uchungu wa kutupwa na klabu ndiye aliyefaa kuongoza kazi ile, na kama United wasingemsajili nani angemsikiliza?

Hata hivyo kuna upande mwingine, na ni lazima niuseme. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1915 United waliifunga Liverpool 2 kwa bila, kumbe matokeo yalikuwa yamepangwa ili watu fulani wavune katika kamari. Wachezaji wanne wa Liverpool na watatu wa United walifungiwa maisha. Miongoni mwa hao watatu alikuwemo Sandy Turnbull, ingawa hata hakucheza mechi hiyo. Meredith alicheza, naye alieleza kwamba alianza kushuku alipoona wenzake hawampi pasi. Yeye hakupatikana na kosa.

Hapo mtaniambia, si tulikuambia, samaki mmoja akioza? Ngojeni. Wale wengine wawili wa United, Enoch West na Arthur Whalley, hawakuwamo katika kundi la City. Mmoja alitoka Nottingham Forest, mwingine Blackpool. Kwa hiyo kati ya watatu walioanguka, mmoja tu alisajiliwa akiwa na doa lile la 1906, na kati ya wanne waliosajiliwa na doa lile, mmoja tu alianguka mwaka 1915. Doa la jana halikutosha kumtambulisha mwizi wa kesho. Turnbull mwenyewe aliuawa vitani nchini Ufaransa, karibu na Arras, mwezi wa Mei 1917. Mwaka 1919 FA ikamfutia kifungo, marehemu hana habari.

Basi msimamo wangu ni huu. Aliyemaliza adhabu yake asajiliwe, ila klabu inayomsajili ijiulize kwanza swali ambalo City hawakutaka kujiuliza: kosa lile alilitenda peke yake, au alilitenda ndani ya nyumba ambayo wakubwa wake walikuwa wakifanya yayo hayo? Kosa la kumdhuru mtu, kama kupiga au kubaka, mimi naliweka kando. Huko aliyeumizwa ana neno la kusema kabla ya meneja. Hili la Meredith lilikuwa la pesa, na pesa zile zilipita mikononi mwa wengi. Ati leo klabu inamfukuza mchezaji asubuhi ili ionekane safi, jioni inasajili mwingine wa aina iyo hiyo kwa sababu anafunga mabao! Hiyo nayo tuiite nidhamu?

Meredith aliichezea United mechi 335. Halafu mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 46, akarudi City, klabu ile ile iliyomtupa na ambayo aliambiwa hataichezea tena. Wimbi lilikuwa limepita. Mechi yake ya mwisho ya mashindano ilikuwa nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Newcastle, tarehe 29 Machi 1924, na walifungwa 2 kwa bila. Alikuwa na umri wa miaka 49. Rudieni kusoma umri huo, kisha mnihesabie walimu wetu wangapi wa umri huo wanaweza kumaliza nusu ya kwanza. Kwa Wales alicheza mara 48, na mara ya mwisho, mwaka 1920, waliifunga Uingereza 2 kwa 1 jijini London, Meredith akiwa na miaka 45.

Alifariki Manchester tarehe 19 Aprili 1958, mwenye miaka 83, akazikwa katika makaburi ya Southern Cemetery. Kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa na jiwe wala jina. Mwaka 2001 chama cha wachezaji, chama cha soka cha Wales, Manchester United na Manchester City walikubaliana kugharamia jiwe la kaburi. City nao walitoa fungu lao.